Wanaondoka Kati ya Septemba na Januari

Maneno haya niliyasema mbele ya walimu wa malezi, wazazi na watendaji wa kata waliokusanyika Masasi mwishoni mwa Julai. Nimeyaandika kwa ajili ya wale ambao siku hiyo walikuwa safarini au mashambani wakipuliza mikorosho salfa. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha, maana hata ukumbini hazikuongeza kitu.

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi, viongozi wetu wa dini, watendaji wa kata na vijiji, mabibi na mabwana: asalaam aleykum, na Tumsifu Yesu Kristo.

Nimepewa nafasi ya kuzungumza juu ya kuwafundisha watoto wetu shuleni namna ya kujikinga na usafirishaji haramu wa binadamu. Mwaliko uliponifikia nilisita, kwa sababu niliona kwamba anayestahili kusimama hapa ni mtu asiye na hatia katika jambo hili, na mimi si mtu huyo. Naomba basi nianze na hatia yangu mwenyewe, ili baadaye mkinisikia nawanyooshea walimu kidole, mjue kwamba kidole hicho kilianza kunichoma mimi.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa mwalimu wa darasa la saba katika shule moja ya kijijini. Kila msimu wa korosho alikuwa akija mama mmoja kutoka Dar es Salaam, mzaliwa wa kijiji kile kile, akiwa na vitenge vya kuwagawia wazee na sukari ya kuwapelekea wagonjwa. Watu walimpenda, nami nilimpenda. Mwaka mmoja alisema anatafuta binti wa kukaa naye, amsaidie kazi ndogo ndogo za nyumbani, na yeye ampeleke kujifunza cherehani. Mzazi wa binti mmoja aliyekuwa amemaliza mtihani alinijia nyumbani jioni, akaketi kwenye mkeka, akaniuliza: "Mwalimu, wewe ndiye msomi wetu hapa. Unasemaje?"

Mwalimu nilisema nini? Nilisema aende. Nikasema hiyo ni bahati. Nikamwandikia barua ya utambulisho kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, na asubuhi ya safari nilimsindikiza stendi mimi mwenyewe, nikamnunulia soda na karanga za njiani, nikampungia mkono mpaka basi likapinda kona.

Alirudi baada ya miezi kumi na minne, ameshushwa Mnazi Mmoja, ile njia panda ya huku kwetu Lindi, na dereva wa lori aliyemhurumia. Cherehani hakuwahi kuigusa. Alikuwa akiamshwa saa kumi usiku kukaanga vitumbua vya kuuza, mchana akifua na kulea watoto wa watu, na jioni akipelekwa kuhudumia kwenye kilabu cha pombe ambako malipo yake yalipokewa na mtu mwingine. Nilimuuliza swali ambalo mpaka leo linanitia aibu. Nilimuuliza, mbona hukutafuta msaada? Akanitazama, akasema: "Mwalimu, ningemwambia nani? Hata mtaa niliokuwa nakaa sikujua unaitwaje."

Ndugu zangu, binti yule alikuwa hodari. Alikuwa anaweza kunitajia mito mikubwa ya Afrika bila kukosea, na milima, na miji mikuu ya nchi jirani. Nilimfundisha mimi. Lakini sikuwahi kumfundisha kwamba akipanda basi Masasi atapita Ndanda, kisha Mtama, kisha Mingoyo, kisha Lindi, kisha Nangurukuru, kisha Somanga, avuke Rufiji, aende Ikwiriri na Kibiti mpaka Mbagala. Sikuwahi kumfundisha kukariri namba ya simu hata moja. Sikuwahi kumfundisha kuuliza: ninakwenda kwa nani, anakaa mtaa gani, nitalipwa na nani, na nikitaka kurudi nitarudije? Mtihani haukuuliza maswali hayo, kwa hiyo na mimi sikuyauliza.

Wazee wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako. Watoto wanaotoka Newala, Tandahimba, Nanyumbu, Nachingwea na Liwale hawachukuliwi na majambazi wenye bunduki. Wanachukuliwa na shangazi, na rafiki wa shangazi, na kijana aliyewahi kusoma shule hiyo hiyo na sasa anavaa viatu vizuri. Nasema hivi nikijua kwamba kulea mtoto wa ndugu ni desturi njema, na wengi wetu humu ukumbini tulisoma kwa sababu mjomba fulani alitupokea mjini. Kwa hiyo sitaki mtu atoke hapa akidhani kwamba kila mtoto anayepanda basi ameuzwa. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 juu ya usafirishaji haramu wa binadamu, ambayo nchi yetu iliiridhia mwaka 2006, inatazama mambo matatu: kitendo cha kumchukua au kumpokea mtu, njia iliyotumika, iwe nguvu, vitisho au udanganyifu, na lengo, ambalo ni kumnyonya. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18 itifaki hiyo haidai hata ithibitishwe njia. Ikiwa amechukuliwa ili anyonywe, inatosha, hata kama mwenyewe alikubali, hata kama mama yake alikubali, hata kama mwalimu wake aliandika barua. Wala si lazima mtoto avushwe mpaka. Anaweza kutolewa kijiji hiki akapelekwa kijiji cha pili, na likawa kosa lile lile. Nasi tuna sheria yetu wenyewe tangu mwaka 2008. Sheria tunayo, darasani ndiko hatuna kitu.

Au niseme, tunacho kitu, lakini kinakwenda upande. Nilihudhuria siku moja katika shule fulani ambako wageni walikuja na gari zuri kutoa elimu hii. Walibandika picha za watoto waliofungwa minyororo, walionyesha mtu mwenye kofia nyeusi amejificha nyuma ya mti, wakaongea kwa ukali kwa muda wa saa nzima, wakagawa fulana, wakaondoka. Walipokwisha kuondoka, mtoto wa darasa la sita alinyoosha mkono akaniuliza: "Kwa hiyo, Mwalimu, mjomba aliyemchukua dada yangu si msafirishaji, maana yeye hana mnyororo?"

Mmeisikia hoja ya mtoto? Saa nzima ya vitisho ilimfundisha kumwogopa mtu asiyekuwepo na kumwamini yule aliyepo. Mtoto aliyetishwa haulizi. Mtoto aliyetishwa hukumbuka picha, na siku atakapokutana na mtu mwenye tabasamu na kitenge mkononi, ile picha haitafanana na mtu huyo. Ndiyo maana ninawasihi, walimu wenzangu, elimu hii isiwe ya vitisho. Iwe ya maswali. Isiwe ya mgeni wa siku moja. Iwe ya mwalimu ambaye kesho yake asubuhi bado yupo, na ambaye mtoto anaweza kumfuata chini ya mwembe akamwambia, Mwalimu, nyumbani kuna jambo.

Sasa mtaniambia: ratiba imejaa. Nami nilikuwa mwalimu, najua ratiba ilivyojaa. Sidai kipindi kipya. Nadai tufungue vipindi tulivyo navyo tuone kilichomo ndani.

Chukueni historia. Tumesimama Masasi. Mji huu una habari ambayo watoto wetu wengi hawaijui vizuri: mwaka 1876 Askofu Steere wa misheni ya Waanglikana alifika hapa kutoka Zanzibar pamoja na watu waliokuwa wamekombolewa utumwani, nao wakaanzisha makao. Wengi wao walikuwa ni watu wa bara hii hii, waliowahi kupitishwa kwenye njia zinazotoka upande wa Ziwa Nyasa kuelekea pwani. Na pwani hiyo ni ya kwetu. Ni Kilwa Kivinje. Ni Mikindani. Miaka mia moja kabla ya hapo, mwaka 1776, Mfaransa aitwaye Morice aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Mkataba ulioandikwa na kutiwa sahihi, ndugu zangu, kama wa korosho.

Sisi huifundisha habari hii mpaka mwaka 1873, pale Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa kufunga soko la Zanzibar na kupiga marufuku biashara hiyo baharini. Kisha tunafunga daftari. Lakini yule mwanafunzi anayeuliza maswali angeuliza: siku ya pili yake wale wafanyabiashara walikwenda wapi? Hawakwenda kulima. Bahari ilipofungwa waliwatembeza watu kwa miguu kutoka Kilwa kuelekea kaskazini kando ya pwani, hata ikabidi mwaka 1876 itolewe amri nyingine ya kuzuia misafara ya nchi kavu. Na hali ya kisheria ya utumwa katika Tanganyika haikufutwa mpaka mwaka 1922. Chorea watoto ramani hiyo ubaoni. Halafu waambie wachore barabara ya basi la leo kutoka Nangurukuru kwenda kaskazini. Waache watazame wenyewe, wala usiwaambie jibu.

Tangu mwaka 2024 mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Nani hapa ataniambia kwamba mada hii haina mahali pake katika somo lenye jina hilo?

Lakini somo ambalo mimi lilinifumbua macho ni hisabati. Mwaka wa mwisho kabla sijastaafu nilijaribu jambo. Niliandika ubaoni swali la kawaida kabisa. Asha ameahidiwa mshahara wa shilingi 50,000 kwa mwezi. Alipofika mjini ameambiwa anadaiwa nauli 45,000, chakula cha njiani 5,000, nguo 40,000, na ada ya aliyemuunganisha 60,000. Je, atafanya kazi miezi mingapi ndipo aanze kupokea mshahara wake? Darasa lilijibu upesi: deni ni 150,000, kwa hiyo miezi mitatu. Nikawapigia makofi. Nikaongeza: kila mwezi anakatwa 20,000 za sabuni, dawa na sahani zilizovunjika. Wakainama, wakahesabu: inabaki 30,000, kwa hiyo miezi mitano. Vizuri. Nikaongeza tena: mwenye nyumba amesema makato sasa ni 50,000 kwa mwezi. Kalamu zikaanza kusimama moja moja. Nyuma kabisa kijana mmoja ambaye kwa kawaida hakusema neno alinyanyuka, akasema: "Mwalimu, hesabu hii haina jibu."

Nikamwambia, ndiyo, hesabu hii haina jibu, na mtu anayekupa hesabu isiyo na jibu anataka nini kwako? Tulikaa juu ya swali hilo mpaka kengele ikagongwa, na hata baada ya kengele hawakutoka. Wakaanza kusema. Mmoja akasema juu ya binamu yake. Mwingine akasema kuna mtu amewahi kufika kwao. Kijana yule wa nyuma akasema kaka yake aliondoka na mwenye ng'ombe aliyeahidi kumlipa ndama mmoja kila mwaka, na sasa ni mwaka wa tatu, ndama hajaonekana wala kaka hajaonekana.

Nimesimama kidogo hapo kwa makusudi, kwa sababu tukisema usafirishaji haramu wa binadamu, vijana wa kiume darasani hucheka na kuwatazama wasichana. Huona ni habari ya wadada wa kazi. Walimu nao, kusema kweli, wengi wetu huona hivyo. Lakini wavulana wanachukuliwa kwenda kuchunga, kwenda machimboni, kwenda kwenye uvuvi, kwenda kubeba na kuuza bidhaa barabarani, na mvulana ana mzigo mmoja zaidi: anaona aibu kusema kwamba amedanganywa. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2022 na Shirika la Kazi Duniani pamoja na wenzake yalisema kwamba watu milioni 27.6 duniani walikuwa katika kazi za kulazimishwa mwaka 2021, na kati yao milioni 3.3 walikuwa watoto. Hesabu hiyo kubwa mwachieni mwalimu wa takwimu. Ninyi mkumbuke yule kaka na ndama wake.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta. Tazameni kalenda ya kwetu. Darasa la saba wanafanya mtihani Septemba. Kidato cha kwanza kinaanza Januari. Kidato cha nne wanamaliza Novemba. Na katikati ya miezi hiyo ni nini? Ni msimu wa korosho. Minada inaanza, fedha zinatembea, wageni wanafika, magari yanakuja na mizigo na kuondoka na mizigo, na mtoto wa miaka kumi na tatu au kumi na minne amekaa nyumbani, hana sare, hana mwalimu, hana jina katika daftari lolote la mahudhurio. Mwalimu wa darasa la saba anasema, huyo si wangu tena. Mwalimu wa sekondari anasema, huyo bado si wangu. Je, kati ya Septemba na Januari ni wa nani? Yule mama mwenye vitenge analijua jibu. Anajua miezi hiyo kuliko tunavyoijua sisi.

Kwa hiyo elimu hii ikitolewa Oktoba imechelewa. Itolewe sasa, katika wiki hizi zilizobaki kabla ya mtihani, wakati bado wapo mbele yetu. Na kila shule iwe na daftari moja dogo, la shilingi mia chache tu, lenye majina ya wanaomaliza, na mwalimu wa malezi pamoja na mtendaji wa kijiji walipitie Oktoba, Novemba na Desemba wakiuliza: huyu yupo? Januari inapofika na mtoto aliyechaguliwa hajaripoti, tusiandike "hajaripoti" na kupiga mstari. Twende nyumbani kwao. Vivyo hivyo kwa binti aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito. Tangu Novemba 2021 mlango wa kurudi umefunguliwa, lakini mtoto ambaye hakuna aliyemwambia kwamba mlango uko wazi atapokea mlango wowote atakaofunguliwa na mgeni.

Wazazi, sijawasahau. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, na imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Mtu akija kumuomba mtoto wako, muulize maswali yale yale niliyokosa kuyauliza mimi, tena umuulize mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na yaandikwe. Mwema hatakasirika. Akikasirika, umepata jibu bila kulipa nauli.

Na kuna watu ambao hatuwaalikagi kwenye mikutano kama hii, ninashangaa kwa nini. Manyakanga wetu, yaani makungwi wanaowafunda mabinti, wanakaa nao siku nyingi unyagoni, na binti husikia neno la nyakanga kuliko anavyosikia la mwalimu. Nilimfuata mmoja wao, mtu mzima anayeheshimika, nikamweleza habari hii. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba kama tungemweleza mapema angekwisha kutunga wimbo. Nilicheka, lakini naona alikuwa amesema jambo la maana kuliko warsha nyingi nilizohudhuria. Viongozi wa dini mlio hapa, na ninyi mna mimbari.

Namalizia na namba. Namba ya msaada kwa mtoto ni 116. Inapigwa bure, mchana na usiku. Polisi ni 112, na katika vituo vya polisi lipo dawati la jinsia na watoto. Mwanafunzi aijue 116 kama anavyojua jina la mama yake. Si kwa kuisoma, bali kwa kuitamka darasani pamoja na wenzake, na kuigiza: mmoja awe mpigaji, mmoja mpokeaji, na mpigaji alazimike kusema yuko wapi. Hapo ndipo utaona ni wangapi wanaoweza kueleza mahali walipo.

Binti niliyemsindikiza stendi sasa ni mama wa watoto watatu. Nilimuomba aje azungumze leo, akakataa, na nikamwelewa. Lakini alinipa neno moja la kuwafikishia walimu. Alisema bango lenye namba hiyo msilibandike ofisini kwa mwalimu mkuu, kwa sababu ofisini kwa mwalimu mkuu mtoto huingia akiwa amekosea, akiangalia chini. Alisema iandikwe ndani ya jalada la daftari, kwa mkono wa mtoto mwenyewe. Daftari lake la darasa la saba, aliniambia, alisafiri nalo mpaka Dar es Salaam, na usiku alikuwa akilifungua kusoma majina ya mito.

Asanteni kwa kunisikiliza.